Baraka ya Haruni na Agano Lisilofutwa

Ibada ya Jumapili kwetu Kilimanjaro inaweza kurefuka itakavyo. Kwaya tatu zitaimba, matangazo yatasomwa mpaka watoto wasinzie, na sadaka ya ndizi, mayai na kuku itasubiri mnada nje ya kanisa. Mwenye haraka anaweza kuukwepa mnada, lakini haondoki kabla mchungaji hajainua mikono na kutamka baraka ya Haruni. Mama alikuwa akisema kwamba anayetoka kabla ya baraka amekuja kanisani kupumzisha miguu. Kwa hiyo niliijua baraka ile kwa kichwa kabla sijajua kusoma, na nilidhani ni mali ya Walutheri.

Si ya Walutheri. Imo katika kitabu cha Hesabu, sura ya 6. Mungu alimpa Musa maneno hayo ili Haruni na wanawe wawabariki wana wa Israeli: sentensi tatu fupi zinazoomba ulinzi, nuru ya uso wa Mungu, fadhili na amani. Sisi watu wa mataifa tumealikwa tu kwenye maneno hayo. Jambo hilo lilinifungukia polepole, kwa miaka mingi na mahali mbalimbali, likanifikisha kwenye msimamo ninaotaka kuueleza hapa: agano la Mungu na Wayahudi halijafutwa, na Mkristo anayefundisha kwamba limefutwa anakata tawi alilolikalia mwenyewe.

Darasani, wakati wa kipaimara, tulifundishwa vingine. Mwalimu wetu, mtu mwema aliyetupenda, alisema Wayahudi walimkataa Masihi, Mungu naye akawakataa, na ahadi zote walizopewa zikahamia kwa Kanisa. Tukisoma Isaya, penye faraja tuliambiwa panatuhusu sisi. Penye karipio tuliambiwa panawahusu wao. Hakuna kati yetu aliyeuliza inakuwaje ukurasa mmoja uwe na wenyewe wawili.

Jioni ya siku hiyo nilimsimulia baba nilichojifunza. Baba alikuwa mwinjilisti wa mtaa, tena mjumbe wa chama cha msingi cha kahawa. Nilimkuta uani anachambua kahawa, punje mbovu anazitupa pembeni. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Mwanangu, Mungu alipompa Ibrahimu ahadi, aliapa au hakuapa?"

"Aliapa, baba."

"Na wewe ulipobatizwa, aliyekupa ahadi ni nani?"

"Ni Mungu."

"Ni yule yule, au ni mwingine?"

"Ni yule yule."

"Haya. Chamani kwetu, mtu akivunja mkataba wa kwanza, hatufungi naye wa pili hata akija na wadhamini watano. Sasa niambie, kama Mungu alivunja kiapo chake kwa Ibrahimu, ubatizo wako unadhaminiwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Akaniagiza nisome Warumi sura ya 11, mahali Paulo anapozungumzia mzeituni. Paulo anawaambia Wakristo wa Rumi wasio Wayahudi kwamba wao ni matawi ya mzeituni mwitu yaliyopandikizwa kwenye shina la wengine. Shina ndilo linalowabeba, kwa hiyo wasijivune. Halafu anamaliza hoja kwa kusema kwamba Mungu hajutii vipawa vyake wala mwito wake. Nililisoma mara nyingi fungu hilo. Tofauti kati yake na somo la kipaimara haikuhitaji msomi kuiona.

Miaka ilipita, nikapata nafasi ya kusoma theolojia Makumira, pale Usa River. Huko ndiko swali la baba lilikopata nyama na mifupa. Tulisoma Mwanzo sura ya 15, ambako Ibrahimu anawapasua wanyama vipande viwili na kuvipanga vikitazamana. Desturi ya watu wa kale ilikuwa wanaofanya agano wapite katikati ya vipande hivyo, kama kusema: nikilivunja, nami nifanywe hivi. Lakini Ibrahimu hakupita. Alishikwa na usingizi mzito, na kilichopita katikati ya vipande ni tanuru lenye moshi na mwenge wa moto. Mungu alipita peke yake. Mzigo wa kiapo kile aliubeba yeye.

Agano la Sinai lilikuwa na masharti, na Israeli waliyavunja. Biblia yenyewe haifichi; nusu ya vitabu vya manabii ni mashtaka. Hata hivyo Mambo ya Walawi 26, baada ya orodha ndefu ya adhabu, inasema kwamba hata watakapokuwa katika nchi ya adui zao, Mungu hatawatupa wala kulivunja agano lake nao. Naye Yeremia, katika sura ya 31 ambayo Wakristo tunaipenda kwa sababu inataja agano jipya, anasema waziwazi agano hilo jipya ni la nyumba ya Israeli na nyumba ya Yuda. Mistari inayofuata inaleta jua, mwezi na nyota: utaratibu wa vitu hivyo ukikoma mbele za Mungu, hapo ndipo uzao wa Israeli utakoma kuwa taifa. Jua bado linachomoza.

Makumira ndiko pia nilikomsoma Martin Luther mzima, maana usharikani tulimjua nusu tu. Mwaka 1523 aliandika kijitabu akikumbusha kwamba Yesu Kristo alizaliwa Myahudi, akawasihi Wakristo wawatendee Wayahudi kwa wema. Luther huyo huyo, alipoitengeneza ibada ya Kijerumani ya mwaka 1526, aliiweka baraka ya Haruni mwishoni. Ndiyo sababu tunayo mpaka leo. Lakini mwaka 1543, akiwa mzee mwenye hasira, alitoa kitabu kinachotaka masinagogi na shule za Wayahudi zichomwe moto, nyumba zao zibomolewe na vitabu vyao vya sala vichukuliwe. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938, Wanazi walipoyachoma masinagogi ya Ujerumani, askofu mmoja wa Thuringia aitwaye Martin Sasse alitoa kijitabu akishangilia kwamba moto huo uliwaka siku ya kuzaliwa ya Luther. Kufikia mwaka 1945 Wayahudi wapatao milioni 6 walikuwa wameuawa, katika bara lililojaa makanisa.

Kanisa Katoliki lilikana mafundisho ya chuki hiyo mwaka 1965, kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwa tamko la Nostra Aetate. Mwaka 1994 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani liliyakataa hadharani maandishi yale ya Luther. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka baba na kahawa yake. Fundisho kwamba Mungu amewatupa Wayahudi lilionekana darasani kwetu jambo la vitabuni tu, lakini lilikuwa limekwisha kuzaa matunda yake kwingine.

Baadaye kazi ya kutafsiri na kuhariri vitabu vya kanisa ilinipeleka Nairobi. Mmoja wa watu tuliofanya nao biashara ya uchapishaji alikuwa mzee wa Kiyahudi, mzaliwa wa Kenya, aliyezungumza Kiswahili cha mjini bila kukikwaruza. Mimi nilimwita Mzee, yeye aliniita Mwalimu. Ijumaa moja alinialika kwenye sala ya kuikaribisha Sabato, katika sinagogi lililo karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi. Langoni walinzi waliangalia kitambulisho changu na kupekua mkoba. Ndani, Mzee alinipa kofia ndogo ya kufunika utosi, akanionyesha pa kukaa.

Wanaume walikuwa tisa. Sala kamili ya jamaa yahitaji wanaume kumi, na jamii ya Wayahudi wa Nairobi si kubwa. Tukasubiri. Mimi nilikuwepo, mzima wa afya, nimesoma theolojia, nawajua manabii wao wote kwa majina, lakini sikuhesabiwa. Hakuna aliyenidharau, na waliniletea kitabu cha sala kwa heshima. Ila hesabu ilibaki tisa mpaka alipoingia kijana mmoja msafiri, mkoba mgongoni, wakampokea kwa furaha na kuanza. Dakika zile za kusubiri zilinifundisha kuliko mihadhara mingi. Kumbe kuna mahali ambapo mimi Mkristo ni mgeni wa agano lililotangulia, na mwenyeji bado yupo nyumbani kwake.

Baada ya sala tulikwenda kwake kula. Mezani kulikuwa na mishumaa miwili, divai, chumvi, na mikate miwili iliyosukwa, imefunikwa kitambaa. Kabla ya kugusa chochote, Mzee aliwaita wanawe, watu wazima wenye ndevu na ofisi zao. Wakainamisha vichwa mmoja mmoja. Akaweka viganja vyake juu ya kila kichwa, akatamka kwa Kiebrania maneno ambayo niliyatambua kwa mapigo yake: fupi, ndefu zaidi, ndefu kuliko zote.

"Mwalimu, mbona umenyamaza?" aliniuliza alipokaa.

"Mzee, maneno hayo kwetu tunafungia ibada kila Jumapili."

Akacheka. "Najua. Yatunzeni vizuri. Sisi bado tunayatumia."

Usiku ule alinisimulia habari za wazee wake, waliotoka Lithuania. Mwaka 1903, baada ya Wayahudi 49 kuuawa katika ghasia za Kishinev, Uingereza ilijitolea kuwapa Wayahudi ardhi katika himaya yake ya Afrika Mashariki, kwenye nyanda za Uasin Gishu, palipo Eldoret siku hizi. Kiongozi wa Wazayuni, Theodor Herzl, aliliwasilisha pendekezo hilo kwenye Kongamano la Kizayuni mjini Basel. Kura 295 dhidi ya 178 zilipitisha watumwe wajumbe waje kuikagua nchi. Lakini waliolipinga kwa uchungu zaidi ni wajumbe kutoka Urusi, hata wale wa Kishinev kwenyewe, ambao makaburi ya ndugu zao yalikuwa mabichi. Mwaka 1905 mpango ukakataliwa kabisa. Watu wanaochinjwa walipewa mahali pa salama, penye rutuba na hewa nzuri, na hawakuweza kupaita Sayuni. Familia chache zilikuja Kenya hata hivyo, kwa hiari zao. Waliobaki Lithuania, vita vya pili viliwakuta. Karibu wote waliuawa, na jamaa za Mzee walikuwa miongoni mwao.

Nilimwuliza, baada ya hayo, bado anamwomba Mungu yule yule?

"Namwuliza kila siku alikuwa wapi," alijibu. "Na ninapomwuliza, najua nazungumza na nani."

Jibu hilo sikuliandika popote, ila sijalisahau. Sisi wahubiri tuna haraka ya kumtetea Mungu. Wayahudi wamekaa na swali hilo bila kulifunika, na bado wanakusanyika Ijumaa wakihesabiana mpaka wafike kumi. Uaminifu wa namna hiyo hauwezi kuwa wa watu waliotalikiwa.

Kutoka Nairobi nilipata safari ya kwenda Mbale, mashariki mwa Uganda, kuwaona Abayudaya. Hawa hawakuzaliwa Wayahudi. Kiongozi wao wa kwanza, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa nchi ya mashariki, kisha akaona wamemnyima aliyoyatarajia. Akajitenga nao, akazama katika Biblia. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, akajitangaza yeye na wafuasi wake kuwa Wayahudi. Alifariki mwaka 1928, lakini jamaa aliyoianzisha haikufa. Wakati ule hakuna aliyekuwa akipata faida yoyote duniani kwa kuwa Myahudi. Walijiunga kama Ruthu alivyojiunga, wakiwafuata watu waliokuwa na hasara kuliko faida.

Idi Amin alipotwaa madaraka mwaka 1971, haikuchukua muda akaipiga marufuku dini yao. Masinagogi yalifungwa. Wengi waligeuka Wakristo au Waislamu ili waishi, wakabaki mia chache waliosali kwa kificho. Pale kilima cha Nabugoya, mama mmoja mzee alinieleza, binti yake akitafsiri, kwamba sala za Sabato walizifanyia ndani, madirisha yamefungwa, na watoto walionywa wasiimbe zaburi njiani. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Uso wake ukabadilika, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Askari wa kwenu ndio waliotuletea Pasaka."

Nikahitaji kuelezwa. Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo hiyo Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa inaanza. Sikukuu ya kutoka utumwani Misri iliwakuta Abayudaya siku dikteta alipoangushwa. Mjomba wangu alikuwa askari wa JWTZ, jeshi la Tanzania, na aliingia Kampala siku hiyo. Tumekua tukisikia habari za vita vya Kagera kwake: tope, njaa, mizinga, wenzake aliowazika. Alifariki bila kujua kwamba huko mashariki kuna mama aliyeihesabu siku ile kama mkono wa Mungu. Siwezi kusema mjomba alitumwa kwa ajili yao. Alikwenda kuilinda Kagera. Ila najua mama yule hakuwa anatunga.

Uhuru uliporudi walianza upya na kidogo walichobakiwa nacho. Mwaka 2002 marabi kutoka Marekani na Israeli walikuja kuwaingiza rasmi mamia yao katika dini. Kijana wao Gershom Sizomu alikwenda Los Angeles kusomea urabi, akawekewa mikono mwaka 2008, akarudi kuwatumikia. Mwaka 2016 alichaguliwa pia kuwa mbunge. Mwaka huo huo sinagogi jipya la Stern lilifunguliwa pale Nabugoya. Wakulima wao, pamoja na majirani zao Waislamu na Wakristo, waliunda mwaka 2004 ushirika wa kahawa uitwao Mirembe Kawomera kwenye miteremko ya mlima Elgon. Nikiwa mtoto wa mkulima wa kahawa, niliangalia kahawa yao kwa jicho la fundi, nikaona wanaichambua vizuri. Ijumaa jioni waliimba kwa Kiebrania na Kiganda, na mwisho baraka ile ya Haruni ikatamkwa tena, safari hii na watu weusi kama mimi, nao hawakuiazima.

Mahali pa mwisho ni Yerusalemu yenyewe. Nilikwenda na msafara wa washarika wetu, na siku moja tulipelekwa kwenye Jumba la Makumbusho la Israeli. Washarika wengi walikuwa wamechoka na walitaka kukaa. Mimi nilisimama mbele ya kabati la kioo lenye vipande viwili vidogo vya fedha nyembamba. Vilikuwa vimeviringishwa, vina tundu la kupitisha uzi ili vivaliwe shingoni. Kikubwa, baada ya kukunjuliwa, hakifiki sentimita 10. Kidogo hakifiki 4. Mwanaakiolojia Gabriel Barkay alivipata mwaka 1979, mwaka ule ule wa Pasaka ya Abayudaya, katika makaburi ya kale kwenye bonde la Hinomu. Kuvikunjua kulichukua miaka, kwa hofu ya kuvivunja. Vilipofunguka, wakaona vimekwaruzwa kwa ncha kali herufi za Kiebrania cha kale: baraka ya Haruni. Umri wa vipande hivyo ni miaka kama 2,600. Ni maandishi ya kale kuliko yote tuliyo nayo yenye maneno ya Biblia, yanazitangulia hati za Kumrani kwa karne kadhaa.

Fikiria mtu aliyevivaa. Aliishi Yerusalemu katika miaka ya mwisho ya ufalme wa Yuda, kizazi cha Yeremia au karibu nacho. Huenda alipita barabarani akamsikia nabii akilia kwamba mji utaangamia. Mwaka 586 kabla ya Kristo uliangamia kweli. Hekalu lilichomwa, watu wakachukuliwa Babeli. Mtu angesema baraka ile imeshindwa: aliyeahidi kulinda hakulinda. Lakini waliochukuliwa uhamishoni waliondoka nayo midomoni, wakarudi nayo. Hekalu la pili lilipobomolewa na Warumi mwaka 70, Rabi Yohanan ben Zakkai alikusanya wanafunzi kule Yavne. Madhabahu ikaondoka, meza ya nyumbani na sinagogi vikashika nafasi. Ndiyo maana kule Nairobi nilimwona Mzee akiitamka baraka penye mkate na chumvi.

Yeremia huyo huyo, katika sura ya 32, ananipa picha kamili ya tumaini lilivyo. Jeshi la Babeli limeuzunguka mji. Nabii yuko kizuizini katika uwanja wa walinzi kwa sababu ametabiri kushindwa. Hapo anakuja binamu yake Hanameli kumwuzia shamba la Anathothi, kijiji cha nje ya kuta, upande ulioshikwa na adui. Mnunuzi mwenye akili angeondoka. Yeremia anapima shekeli 17 za fedha, anaandika hati, anaita mashahidi, anatia muhuri, kisha anamwagiza mwandishi wake Baruku aitie ndani ya chombo cha udongo ili ikae siku nyingi. Maana Mungu amesema nyumba na mashamba vitanunuliwa tena katika nchi hii. Yeremia hakulilima shamba lile. Aliishia kuchukuliwa Misri. Alilipia bei kamili kitu ambacho wajukuu wa wengine wangekifurahia. Tumaini la kufanywa upya, kama Biblia inavyolijua, lina risiti na mashahidi. Abayudaya waliofunga madirisha yao enzi za Amin walikuwa wananunua Anathothi, na wajumbe wa Kishinev vilevile.

Jumapili ya msafara ule tulisali katika Kanisa la Mkombozi, kanisa la Kilutheri lililo ndani ya kuta za mji wa kale. Ibada ilikuwa ya Kiarabu, maana usharika huo ni wa Wapalestina. Mwishoni mchungaji aliinua mikono, na sikuhitaji mkalimani. Baadaye, tukinywa kahawa, mzee mmoja wa usharika alituambia kwamba familia yake ilipoteza nyumba mwaka 1948. "Somo likitaja Israeli," alisema, "moyo wangu unaruka kabla akili haijafika kwa Isaya." Hatukuwa na la kumjibu upesi, na nadhani ilikuwa heri.

Maneno yake yanakaa pamoja na yote niliyokwisha kusema, wala hayayafuti. Agano halijawahi kuwa hundi ya serikali yoyote. Amosi aliwaambia Israeli kwamba kwa sababu Mungu amewajua wao kuliko jamaa zote za dunia, ndiyo maana atawapatiliza maovu yao. Kuchaguliwa ni kuulizwa zaidi. Torati inarudia na kurudia amri ya kumtendea haki mgeni, kwa kuwa Israeli wenyewe walikuwa wageni Misri. Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas waliua watu wapatao 1,200 nchini Israeli. Kati yao walikuwa vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo, mmoja akiwa wa mkoa wangu. Vita vilivyofuata vimeua makumi ya maelfu ya Wapalestina huko Gaza. Anayeamini agano hana ruhusa ya kulilia upande mmoja tu wa maiti hawa. Kusema Mungu hajawaacha Wayahudi ni kusema yeye bado anawadai haki na bado anawaahidi rehema, kama alivyofanya kwa vinywa vya Amosi na Yeremia. Na mzee yule wa Yerusalemu naye amepandikizwa kwenye mzeituni ule ule.

Nimezunguka na baraka moja kutoka Kilimanjaro mpaka bonde la Hinomu, na nilichokiona kinalingana na swali la baba. Falme zilizowapeleka Wayahudi utumwani zimo kwenye makumbusho. Wao wamo kwenye meza ya Ijumaa. Mimi hilo nalisoma kama uaminifu wa Mungu. Anayeona sababu nyingine aeleze.

Wachungaji na wainjilisti wenzangu, nina ombi moja la darasani na la mimbarani. Kwenye misiba yetu tunasoma Warumi sura ya 8, kwamba hakuna kitu kitakachotutenga na upendo wa Mungu. Waliofiwa wanafarijika, nasi tunafunga kitabu. Paulo hakufunga. Sura inayofuata anageukia ndugu zake Waisraeli kwa huzuni kubwa, kwa sababu alijua msikilizaji makini atauliza: kama Mungu amewaacha wao, hiyo ahadi ya sura ya 8 ina thamani gani? Akaandika sura tatu nzima kujibu kwamba hajawaacha. Wafundisheni watoto wa kipaimara sura ya 9, ya 10 na ya 11 pamoja na ya 8, wala msizitenganishe tena.